Mwisho wa Dunia Bila Grisi

Mkwe wake alimletea mwisho wa dunia siku ya Jumapili baada ya chakula cha mchana, ndani ya faili la buluu lililofungwa kwa mpira wa nywele wa mkewe. Ulikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili. Aliuweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayepokeza kichanga, akamwomba mama mkwe amsaidie jambo dogo tu: aupitie huo mswada, aangalie yale mambo ya pampu na mabomba kama yamekaa sawa. Mengine yote, alisema, yako tayari.

"Mengine yapi?" mama mkwe aliuliza.

"Yale ya binadamu, mama."

Mama mkwe huyo mtaa mzima ulimwita Bi Presha. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika kituo cha kusukuma maji. Alianza kwa kufagia, akawa msaidizi, akawa mwendesha mitambo, na sasa alikuwa mkuu wa zamu ya mchana. Jina lilitokana na geji ya presha aliyoichungulia kila nusu saa, ingawa wapo waliodai linatokana na presha ile nyingine, ambayo huwapanda watu wanaobishana naye. Yeye hakuona tofauti kubwa.

Mkwe alikuwa mhadhiri wa fasihi katika chuo cha ualimu, mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye adabu iliyopitiliza. Mbele ya mama mkwe hakuketi mpaka aambiwe. Ila alikuwa na ugonjwa wake mmoja. Alipenda vitabu vinavyosimulia kesho mbaya, na kwake kadiri kesho hiyo ilivyokuwa mbaya ndivyo kitabu kilivyokuwa kizuri. Chumba chake cha kusomea kilikuwa na rafu ya vitabu hivyo kutoka sakafuni hadi darini, na aliyeingia humo hakutoka bila kuazimwa kimoja. Katika miaka miwili Bi Presha alikuwa ameazimwa vinne. Alivisoma vyote hadi mwisho, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu, na kila aliporudisha kimoja alisema, "Ahsante mwanangu, nimekiona."

Alichokiona alikaa nacho. Aliona kwamba katika kitabu cha kwanza dunia ilikwisha kwa maradhi, katika cha pili kwa mashine, katika cha tatu kwa mtawala mwenye macho kwenye kila ukuta, katika cha nne kwa jua. Katika vyote ilikwisha haraka na kwa usafi, wiki moja tu, na waliobaki walikuwa na sura nzuri. Hapakuwa na mtu aliyevimba miguu. Hapakuwa na mtu aliyetafuta miwani yake nyumba nzima, nayo imo kichwani. Katika vitabu vyote vinne hapakuwa na mama mkwe hata mmoja, na hilo alilichukulia kama salamu zake binafsi.

Kilichomkera zaidi ni yule kijana. Kila kitabu kilikuwa na kijana mwenye taya kali, ambaye katika mji wa mamilioni ya watu ndiye pekee aliyegundua kwamba mambo si mazuri. Waliobaki wote walikuwa wajinga, wanatembea wamelala. Bi Presha alijiuliza hao wajinga walikuwa wakifanya kazi gani kutwa nzima, maana taa ziliwaka na maji yalitoka mpaka ukurasa wa mwisho, na kijana mwenye taya hakuonekana popote ameshika spana.

Mswada wa mkwe aliusomea kazini, kwenye meza ya bati karibu na dirisha, huku mota ikinguruma na sakafu ikitetemeka chini ya viatu. Ulihusu mji wa siku zijazo ambao maji yake yote yamo mikononi mwa mtu mmoja aishiye juu ya mnara. Pampu za mji huo zilijengwa na wahenga, na kwa miaka arobaini hapana aliyezigusa, kwa sababu hapana aliyebaki na elimu yake. Bi Presha alichukua penseli. Pembeni mwa ukurasa wa nne aliandika: *Miaka arobaini, grisi anatia nani?* Ukurasa wa saba: *Chujio halijaoshwa. Hapa wote wameshakufa kwa kuhara, hadithi imekwisha.* Ukurasa wa kumi na tisa, pale shujaa alipofunga valvu kuu ya mji kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika bastola, aliandika tu: *Ajaribu.*

Fundi umeme wa kituo, ambaye kila mtu alimwita Shoti kwa mambo aliyowahi kuyafanya akiwa mgeni kazini, alipita na kuuliza bibi anasoma nini siku zote hizo. Alimjibu kwamba anasoma mwisho wa dunia. Shoti alifikiri kidogo, akauliza kama bado kuna haja ya kubadilisha ile fyuzi. Aliambiwa abadilishe.

Jumapili iliyofuata walikaa tena mezani, naye akatoa maoni yake kwa upole wote aliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi. Binti yake, muuguzi wa zahanati, alikuwa akikusanya sahani na kujitia hamnazo. Mkwe alishukuru kwa grisi, akashukuru kwa chujio, akaandika kila kitu kwenye kijidaftari. Kisha akasema, kwa heshima zote, kwamba pampu kwa kweli si kiini cha kitabu. Kiini ni tabia ya mwanadamu. Ustaarabu ni rangi tu iliyopakwa juu; ikwangue kidogo uone kilicho chini.

"Maji yakikatika siku tatu, mama, mtu anarudi kuwa mnyama. Siku tatu tu."

"Wewe umewahi kukaa siku tatu bila maji?"

"Kwa kufikiri, ndiyo."

Bi Presha aliangalia sahani yake. Alikuwa na jibu, lakini binti yake alikuwa amesimama mlangoni akimtazama kwa jicho la kumsihi, basi akalimeza pamoja na chai.

Pampu iliharibika siku ya Jumanne wiki mbili baadaye, na haikuharibika kwa njia ambayo mhadhiri yeyote angeiandika. Kituo kilikuwa na pampu mbili, moja kazini na moja ya akiba. Ya akiba ilikuwa imepelekwa karakana kuu miezi kumi na minne iliyopita. Bi Presha alikuwa ameandika barua tatu kuiulizia, na nakala zote tatu zilikuwa na mhuri wa kupokelewa, mzuri, wa rangi ya zambarau. Hapakuwa na dikteta. Hapakuwa na mnara. Alikuwapo ofisa mmoja mpole mwenye kikombe chenye picha ya paka, ambaye alikuwa likizo, na aliyekaimu nafasi yake hakuwa na mamlaka ya kutia saini. Bi Presha aliwahi kumweleza Shoti kwamba wanadamu wakija kumalizika, watamalizika hivyo, ndani ya treya ya barua, huku kila mtu akiwa amefuata utaratibu.

Saa nane mchana pampu iliyobaki ilianza kuimba. Shoti aliweka ncha ya bisibisi juu ya mota na mpini wake sikioni, akasikiliza kama daktari, akatikisa kichwa. Ni beringi. Ina saa mbili, pengine tatu. Bi Presha alipiga simu ofisini kama utaratibu unavyotaka. Alijibiwa aendelee kusukuma maji kadiri awezavyo, na asitangaze lolote, kwani tangazo kwa umma hutolewa na ofisi baada ya kusainiwa.

Alikata simu. Alisimama kidogo akiitazama geji, na mkono wake mwenyewe, kabla hajauamuru, ukapiga namba nyingine. Alimwambia binti yake maneno manne: jaza ulivyo navyo upesi. Binti alikuwa zamu ya zahanati, akampigia mumewe nyumbani. Yote hayo hayakufika dakika tatu.

Beringi ilivunjika saa kumi na moja kasoro, kwa mlio uliomfanya Shoti afunge macho. Gari la tangazo lilipita mitaani saa kumi na mbili jioni, likiwashauri wananchi wahifadhi maji.

Siku ya kwanza na ya pili Bi Presha alizimalizia chini ya mota, mikono imejaa grisi hadi viwiko. Walipoifungua, beringi ilitoka vipandevipande, ila pete ya nje ilibaki na namba yake, ikisomeka vizuri. Stoo haikuwa nayo. Karakana kuu ilisema ombi liletwe kwa maandishi.

Siku ya tatu, siku ile ile ambayo mkwe alitabiri wanyama, alitoka kazini mchana akapitia shule ya msingi, ambako lori la maji lilikuwa limeegeshwa. Alikwenda kwa roho nzito, maana alijua watu watamwona, na wangekuwa na haki ya kumsema. Alikuta foleni. Si foleni tu, alikuta serikali nzima. Fundi cherehani wa pale kona alikuwa amekaa kwenye dawati la mwanafunzi na daftari mbele yake, akiandika kila nyumba na idadi ya watu wake, na kalamu yake iliogopwa kuliko askari. Kulikuwa na kamati. Kulikuwa na kamati ndogo ya kuchunguza malalamiko dhidi ya kamati. Mjadala mkali wa siku hiyo ulihusu iwapo ndoo iliyowekwa kwenye mstari inahesabika kuwa mtu, na pande zote mbili zilikuwa na wasemaji waliokwisha kukauka koo. Wanaume wawili walishikana mashati kwa ajili ya nafasi, wakaachanishwa. Nusu saa baadaye mmoja wao alikwenda msalani, na yule mwenzake ndiye aliyebaki akimsogezea madumu yake, kwa uso wa chuki, hatua kwa hatua.

Bi Presha alipigwa maneno pia, tena mengi. Mama mmoja alimuuliza kama mshahara wake ni wa kuota jua. Lakini mama huyo huyo alimpa kipande cha sabuni apunguze grisi, akamwonya asikitumie chote.

Kutoka hapo alikwenda kwa binti yake, ambaye nyumba yake ilikuwa katikati ya mteremko wa mtaa huo huo. Binti hakuwepo. Mkwe alifungua mlango nusu, akaangalia nyuma ya mgeni, kisha akafungua wote. Alikuwa hajanyoa. Alikuwa hajatoka nje, alieleza, tangu Jumanne. Mama mkwe alipoomba maji ya kunawa, alimletea kikombe kilichofika nusu, akisema kwa masikitiko kwamba imebidi wajibane. Alinawa vidole, akamwonea huruma.

Kabla hajamaliza, hodi ilipigwa. Alikuwa Mkunga, mama mzee mstaafu aliyekaa nyumba ya mwisho juu ya mteremko, ambaye nusu ya mtaa huo waliingia duniani kupitia mikono yake. Mkwe alimwamkia kwa adabu zote, shikamoo mama, akaitikiwa. Bi Presha, akiwa sebuleni, alisikia sauti ya mzee ikieleza kwamba fundi cherehani amemweka mbele kabisa ya foleni, hilo halina shida, shida ni goti. Akijaziwa ndoo hawezi kuipandisha mlima. Aliomba hata nusu ndoo, atapeleka taratibu. Bomba lake, aliongeza, lilikauka Jumanne mapema sana, hata kabla ya tangazo, wala hajui kwa nini.

"Hata sisi hatuna, mama," mkwe alisema. "Tungekuwa nayo tungekupa."

Bi Presha aliamini. Aliinuka kutafuta kitambaa cha kufutia mikono, akafungua chumba cha kusomea kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Mbele ya rafu ya vitabu kulikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa shuka la kitanda, na shuka lilikuwa limelowa kwenye pindo. Akaliinua. Mapipa ya plastiki, ya buluu, yenye mifuniko, yamepangwa mistari miwili hadi usawa wa rafu ya tatu. Aliyahesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakukubali. Kumi na moja. Mpira wa kumwagilia bustani ulikuwa umezungushwa vizuri juu yake kama nyoka aliyeshiba.

Hesabu nyingine akaifanya kichwani bila kutaka, maana ndiyo kazi yake. Mpira umefunguliwa saa tatu mfululizo katikati ya mteremko, pampu inakufa, presha iko chini. Nyumba za juu zisingepata hata tone. Ndiyo maana bomba la Mkunga lilikauka mapema. Simu yake mwenyewe, maneno manne.

Alichukua ndoo iliyokuwa pale chini, akafungua pipa la kwanza, akachota mpaka ukingoni.

"Mama, naomba unisikilize," mkwe alisema kutoka mlangoni.

"Nishikie mlango."

Alimkuta Mkunga hajafika mbali, kwa ajili ya lile goti. Alimpita, akatangulia na ndoo mpaka kibarazani kwake, akaiweka chini, akasimama akihema. Mzee alipofika alisema alidhani hawana. Bi Presha angeweza kusema mengi. Njiani alikuwa amepata uongo mzuri wa aina tatu. Akasema ukweli. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyempigia binti yake kabla ya tangazo, na kwamba maji yaliyokosekana juu ndiyo yaliyoko chini.

Mkunga alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha mguu, akaitazama ndoo kwa muda.

"Ni mtoto wako, kumpigia si kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyemtoa huyo, siku ile ya mvua, unakumbuka alivyokuja miguu mbele. Lakini namba yangu si unayo?"

Bi Presha alisema anayo.

"Basi," alisema Mkunga.

Alirudi chini akiwa na hasira za watu wawili, moja kwa ajili ya mkwe, na nyingine isiyokuwa na mahali pengine pa kwenda. Mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha kusomea, katikati ya mapipa na vitabu, mikono mapajani. Alijieleza kwa utaratibu, kama anayefundisha. Mapipa aliyakusanya mwaka mzima, moja moja. Mkewe alijua ni ya bustani. Simu ilipokuja Jumanne alihisi kama amefungua ukurasa wa kwanza wa kitabu ambacho tayari anakijua.

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Watu."

"Watu gani? Umemwona hata mmoja?"

Hakuwa amemwona. Bi Presha akamweleza habari za shuleni: fundi cherehani na daftari, kamati ya kuchunguza kamati, yule bwana aliyesogeza madumu ya adui yake. Mkwe alisikiliza kwa sura ya mtu anayesomewa hadithi iliyoandikwa ovyo. Mwishowe alisema hiyo ni siku ya tatu tu. Asubiri ya kumi.

Hapo Bi Presha alisahau heshima ya ukwe.

"Wewe umesoma rafu nzima ya vitabu ili ujue mnyama anafananaje," alisema, "na mtaa mzima umetoa mmoja tu, naye amekaa hapa mbele yangu na shahada mbili. Na mimi ndiye niliyempigia simu. Toa mapipa nje."

Aliyatoa. Aliyavuta moja moja hadi kibarazani huku jasho likimtoka, na watu wakaanza kuja na ndoo zao. Hapana aliyeuawa. Fundi cherehani alifika na daftari lake, akakiandikisha kibaraza kuwa kituo cha pili cha mtaa, akamgombeza mhadhiri kwa kuacha pipa moja bila mfuniko. Mkwe alisimama na kata mkononi akiwachotea, na kila mmoja alimshukuru. Walisema huo ndio ujirani, na kwamba msomi wa kweli huonekana kwa matendo. Alijibu kwamba si kitu, kwamba ni wajibu. Kufikia ndoo ya ishirini alikuwa ameanza kutabasamu. Bi Presha, aliyekuwa akiinamisha mapipa, alitamani kumpiga na mfuniko. Lakini yeye naye hapana aliyemuuliza maji yametoka wapi, na yeye naye hakusema.

Beringi ilipatikana siku ya nne, na haikutoka karakana kuu. Shoti ndiye aliyesema kwamba beringi ni beringi, haijui kama inasukuma maji au inasaga nafaka. Walikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, mtu aliyejulikana kwa ubahili hadi watoto wake walimtania, wakamwonyesha namba kwenye ile pete. Alivaa miwani, akaisoma, akainuka, akazima mashine yake watu wakiwa kwenye foleni ya unga. Ilikuwa ile ile. Aliifungua kwa mikono yake, huku akilalamika kuhusu serikali, kuhusu maji, kuhusu Shoti anavyoshika spana. Kabla ya kuiachia alidai hati ya kukiri mapokezi yenye saini mbili na shahidi. Bi Presha aliiandika kwa furaha kubwa. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne, karatasi yake ilikuwa imetembeza kitu.

Maji yalirudi siku ya tano asubuhi, kwanza ya rangi ya chai, baadaye safi. Ofisi ilitoa tangazo kwamba huduma imerejea kufuatia juhudi za ofisi. Watu waliosimama pamoja siku tano waliacha kusalimiana kufikia wiki iliyofuata, kamati ilivunjika kwa ugomvi juu ya nani abaki na daftari, na mwenye mashine alisumbua kituo kila siku mpaka beringi mpya ilipoletwa. Bi Presha hakuona watu wamekuwa malaika. Wala hakutarajia. Ila pampu ilipoanza tena kuimba, miezi minne baadaye, simu ya kwanza aliipiga kwa fundi cherehani, ambaye alikuwa na namba za nyumba zote, na mtaa wote ulijaza ndoo kwa kipimo kabla ofisi haijaamka. Alipewa barua ya onyo kwa kutangaza habari zisizosainiwa. Aliisoma, akaona ina makosa mawili ya tahajia, akayapigia mstari kwa penseli, akairudisha.

Kitabu cha mkwe kilitoka mwaka uliofuata, na kilisifiwa. Kulikuwa na hafla katika ukumbi wa chuo, na Bi Presha alikaa mstari wa mbele karibu na binti yake, ambaye tangu siku ya mapipa alikuwa anamwangalia mumewe kama mtu anayeangalia ukuta wenye ufa, akipima. Msomaji mmoja alisimama kueleza jinsi kitabu kilivyomtisha mpaka akashindwa kula, na wote wakapiga makofi, kisha wakaenda kula. Walionekana wana raha sana. Bi Presha aliwatazama wakishika glasi na kuzungumzia maangamizi, akaona kwamba hofu yao ni ya aina ambayo haimtoi mtu kwenye kiti. Wamelia leo kwa ajili ya watu wa miaka mia ijayo. Sasa hawana deni na jirani wa leo.

Alikisoma. Marekebisho yake yote yalikuwamo. Grisi ilitiwa, chujio lilioshwa, valvu ilifungwa na watu wanne. Yale ya binadamu yalibaki kama yalivyokuwa, ila sura moja ilikuwa mpya: mtu mwenye busara, peke yake katika mji, anahifadhi maji kwenye mapipa kwa kuwa ameona kesho, halafu siku ya tatu anayatoa nje kwa hiari yake na kuwaokoa majirani zake waliokuwa wakitafunana. Alikuwa na taya kali. Bi Presha aliirudia sura hiyo mara mbili, akitafuta mama mkwe. Hakuwemo.

Nakala yake aliipeleka kwa Mkunga, ambaye macho yake yalikuwa hayasomi tena herufi ndogo, na kwa wiki kadhaa alimsomea kwa sauti kila Jumamosi mchana kibarazani. Mzee alisikiliza mambo ya mnara na bastola kwa uvumilivu, akikuna goti. Walipofika ukurasa wa mia moja na hamsini, mpenzi wa shujaa alijifungua peke yake ndani ya handaki, katika nusu aya, akakikata kitovu kwa kisu, akamfunga mtoto kifuani, akaanza kukimbia.

"Soma tena hapo," alisema Mkunga.

Alisoma tena.

"Kondo la nyuma liko wapi?"

Bi Presha alitazama ukurasa wa pili, na wa tatu. Halikutajwa.

"Huyo hafiki nje ya handaki," alisema Mkunga. "Anavuja damu na anakimbia. Na mtoto hajalia, umesikia popote amelia? Hata kumpangusa hakumpangusa." Alinyoosha mkono. "Nipe hiyo penseli. Halafu nionyeshe ni wapi, niandike mwenyewe."